Mashindano ya hoki ya vijana Tanga: jinsi ya kuyaandaa kwa timu nane na siku tatu

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa michezo, kiongozi wa klabu ya mtaani au mzazi wa Tanga anayetaka kukusanya timu nane za vijana na kuwachezesha hoki siku tatu mfululizo. Hoki ninayoisema hapa imezaliwa na ile ya barafuni. Magongo ni ya umbo lilelile, magoli ni madogo vilevile, anayecheza rafu hutolewa nje kwa muda, na sabu huingia na kutoka huku mchezo ukiendelea. Tofauti ni kwamba vijana huvaa raba na kukimbia juu ya saruji, na badala ya kile kisahani cha mpira mgumu wanapiga mpira mdogo wa duara. Watoto wa Kanada na Marekani huicheza hivyo barabarani barafu inapokuwa haipo. Jirani zetu Wakenya nao walianza na kidogo walichokuwa nacho, uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari jijini Nairobi, na mwaka 2024 wakapokelewa na shirikisho la dunia la mchezo huo, IIHF. Tanga tuna viwanja vya kikapu vya shule, mafundi seremala, wavuvi wenye nyavu na vijana wenye mbio. Vinatosha kuanzia.

Niseme mapema ninachokiamini, maana mwongozo wote umejengwa juu yake: mashindano ya watoto huharibika mezani kabla ya kuharibika uwanjani. Ratiba ikiyumba, umri ukiwa wa kubahatisha na matokeo yakiandikwa kwenye kiganja, hata vijana wenye vipaji wataondoka wakiwa na kinyongo. Kwa hiyo usinishangae nikikaa sana kwenye makaratasi.

Ruhusa, jina na tarehe

Anza miezi mitatu kabla. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Afisa Michezo wa Halmashauri ya Jiji la Tanga, ukieleza nani anaandaa, timu zinatoka wapi, umri gani, tarehe zipi, uwanja upi na fedha zinatoka wapi. Kama wachezaji ni wanafunzi, na mara nyingi ndivyo, barua nyingine iende kwa Afisa Elimu, kwa sababu mkuu wa shule hawezi kukuachia watoto wala uwanja bila kuona muhuri. Polisi wajulishwe kuwa kutakuwa na mkusanyiko. Mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa ulipo uwanja wapelekee nakala kwa mkono wako mwenyewe, ukae nao kidogo uwaeleze. Hao ndio watakaokusaidia siku jirani atakapolalamikia kelele za spika saa moja asubuhi.

Jina la mashindano lisizidi ukweli wake. Vijana wanalipenda neno “taifa”, na wafadhili wanalipenda zaidi, lakini ubingwa wa taifa una ngazi zake. Marekani chama chao, USA Hockey, kimegawa nchi katika kanda 12, na timu ya vijana hufika mashindano ya taifa kwa kupenya huko chini kwanza. Kwetu UMISSETA hupanda vivyo hivyo, kuanzia shuleni, wilaya, mkoa hadi taifa. Kuita mashindano ubingwa wa taifa ni kazi ya chama cha mchezo kilichosajiliwa, kinachotambuliwa na Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Wewe unaalika timu, basi yaite mashindano ya mwaliko. Ukialika timu moja ya Dar es Salaam, moja ya Moshi, moja ya Korogwe na nyingine za hapa mjini, watoto watapata ladha yote ya kukutana na wageni bila mtu kukuuliza kibali usichokuwa nacho.

Kuhusu tarehe, kwa Tanga nashauri Juni bila kusita. Masika ya Machi hadi Mei yanakuwa yamekwisha, vuli bado iko mbali, jua limepungua makali na shule zimefunga, kwa hiyo mabweni yako wazi. Kagua kalenda ya Kiislamu kabla ya kuchapa chochote, kwa kuwa Ramadhani na sikukuu husogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Panga Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kwenye fomu ya kujiandikisha uliza wazi kama timu ina Wasabato, uwapangie mapema badala ya kugundua asubuhi ya Jumamosi kuwa kipa hachezi.

Umri: hapa usilegeze

Kila aliyepita UMITASHUMTA au UMISSETA anajua maneno mawili: kijeba na mamluki. Kijeba ni mkubwa aliyejificha katika daraja la wadogo. Mamluki ni mchezaji wa kwingine aliyeazimwa avae jezi yenu. Katika hoki kijeba ni hatari kuliko katika michezo mingi, kwa sababu ana gongo mkononi na kilo ishirini za ziada, na anamkimbilia mtoto wa miaka kumi na tatu kwenye kona.

Tumia mwaka wa kuzaliwa, kama wanavyofanya kwenye hoki ya barafuni. Mfano: mashindano ya chini ya miaka 15 yakichezwa Juni 2027, andika kwenye kanuni kwamba anayeruhusiwa ni aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2012 au baada ya hapo. Basi. Anayetimiza miaka 15 Novemba mwaka huohuo anacheza, na aliyezaliwa Desemba 2011 hachezi hata kama amezidi wiki tatu tu. Tarehe moja haina huruma, lakini haina upendeleo pia.

Kila mchezaji alete vitu vitatu: cheti halisi cha kuzaliwa cha RITA, barua ya mkuu wa shule inayoonyesha namba yake kwenye rejesta na mwaka alioanza darasa la kwanza, na picha ndogo mbili. Picha moja ibandikwe kwenye kadi ya mchezaji, ya pili kwenye orodha ya timu inayobaki mezani. Cheti peke yake hakitoshi, kwa kuwa kipo cha mdogo wake. Rejesta peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo waliochelewa kuanza shule. Viwili vikisomwa pamoja, uongo hujitokeza wenyewe.

Ukaguzi ufanyike Jumatano jioni, siku moja kabla ya mechi ya kwanza, mezani, timu moja baada ya nyingine, na kiongozi wa timu nyingine yoyote anayetaka kushuhudia akaribishwe akae. Mchezaji aje mwenyewe na kadi yake. Mwulize taratibu: ulianza la kwanza mwaka gani, shule gani, mwalimu wako nani. Mtoto wa kweli hujibu huku anaangalia dirishani. Aliyekaririshwa hutaja tarehe yake ya kuzaliwa kabla hujaiuliza. Jambo moja nalisisitiza sana: usimpime mtoto kwa ndevu, sauti wala kimo mbele ya wenzake. Wapo wanaokua haraka, nao wana haki ya kucheza na rika lao bila kuaibishwa. Mwenye shaka aandike pingamizi.

Pingamizi liwe la maandishi, lisainiwe na kiongozi wa timu, lifike kabla ya saa 2 usiku wa Jumatano. Baada ya hapo lipokelewe tu kama limekuja na karatasi mpya. Ikithibitika kuwa timu imemchezesha kijeba, mechi zote alizocheza zihesabiwe 5–0 dhidi yao na kiongozi wao aondoke kwenye benchi. Ila wale watoto wengine waendelee kucheza mechi zao za kundi zilizobaki, hata kama hawawezi tena kufuzu. Udanganyifu huu hupikwa na watu wazima, na mtoto aliyesafiri kutoka Korogwe na mfuko wake wa nguo hakuupika yeye.

Uwanja

Usiwaze uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Hoki hii haichezeki kwenye nyasi, na uwanja mkubwa utawaua watoto kwa mbio. Tafuta uwanja wa kikapu wa saruji wenye vipimo kamili, mita 28 kwa 15, usio na nyufa za kukamata gongo. Uwanja wa barafuni wa kimataifa una urefu wa mita 60, na huko wanacheza watano na kipa. Kwa nafasi yetu cheza watatu na kipa. Wakiwa wanne mbali na kipa, mpira hauonekani, yanabaki magongo tu.

Ukingo ni lazima. Bila ukingo nusu ya mchezo itakuwa kukimbilia mpira mitaroni. Mbao za kusimama sentimita 25 hadi 30, zikisukumwa kwa nyuma na mifuko ya mchanga, zinatosha. Kila kona izungushwe kwa kipande cha plaiwudi kilichokunjwa, ili mpira uzunguke na mtoto asikutane na pembe ya ubao. Pitisha kiganja juu ya ukingo wote kabla ya siku ya kwanza. Kiganja kikikwaruzwa na msumari, piga nyundo.

Sasa vumbi. Kwenye barafu kuna mashine inayopita kila baada ya kipindi kumwaga maji na kulainisha upya uso wa uwanja. Saruji yetu inataka huduma hiyohiyo. Mchanga mwembamba unaopeperushwa na upepo hukaa juu ya rangi ya uwanja, na ukichanganyika na umande wa asubuhi, raba huteleza vibaya kuliko unavyodhani. Simama pembeni saa kumi na mbili asubuhi uburute soli ya kiatu: ukisikia inakwaruza, kuna mchanga, na mechi isianze. Weka vijana wawili wenye mafagio mapana na mmoja mwenye kitambaa kikavu kirefu. Wafagie kwa mstari mmoja kutoka katikati kwenda nje, kila mapumziko, hata kama uwanja unaonekana safi. Watambulishwe kwa majina kwenye spika kama wanavyotambulishwa waamuzi. Ndio wanaoshika magoti na viwiko vya watoto wote.

Magongo, mpira, magoli

Gongo la kununua nje ni ghali, na fundi seremala wa Ngamiani anaweza kukutengenezea. Mpelekee mchoro au gongo moja la mfano. Mpini uwe wa mbao iliyonyooka isiyo na fundo. Vipande vya mitiki vinavyobaki kwenye viwanda vya mbao vya upande wa Muheza vinafaa. Ncha ya kupigia iungwe kwa gundi na kuzungushiwa utepe, bila msumari hata mmoja. Urefu sahihi ni rahisi kuujua: mtoto akisimama na raba zake, gongo likisimama mbele yake, lifike kidevuni. Refu kuliko hapo atalishika vibaya na kumpiga mwenzake tumboni. Mwamuzi akague magongo yote kabla ya kila mechi, kwa kupitisha kitambaa. Kitambaa kikinasa, gongo hilo halichezi.

Mpira wa tenisi ukiwa mpya unadunda mno. Uchukue uliokwisha manyoya, uzungushie utepe wa umeme tabaka mbili. Utakuwa mzito kidogo, utadunda kidogo na utaonekana vizuri ukitumia utepe wa rangi ya chungwa. Andaa wa kutosha, maana kila siku mingine itapotelea kwenye paa za madarasa.

Magoli yafuate kipimo cha barafuni, mita 1.83 kwa upana na 1.22 kwa kimo. Fundi wa kuchomelea atayamaliza kwa siku moja. Nyavu nenda Deep Sea ukaongee na wavuvi: nyavu zilizochakaa kwa bahari bado zina maisha marefu golini, nao watakufundisha kuzifunga kwa kamba ya katani zisilegee. Kwenye barafu goli hukaa kwenye vigingi vinavyoachia mtu akiligonga, ili asivunjike yeye. Letu vilevile lisichimbiwe wala kumwagiwa zege. Liwekewe mifuko ya mchanga nyuma, lizuie upepo, lisogee likigongwa na mwili.

Kipa ndiye wa kufikiriwa kuliko wote. Bila kofia yenye kizuizi cha chuma usoni, iliyotengenezwa kiwandani kwa hoki au kriketi, kipa asisimame golini. Kofia ya bodaboda haifai: inamziba macho ya pembeni na atazimia kwa joto. Ya kuchomelewa mtaani ndiyo mbaya zaidi. Ukishindwa kupata kofia za makipa wote, kuna njia ya heshima: chezesha bila kipa, magoli yapunguzwe hadi nusu mita kwa upana, na mchezaji yeyote akatazwe kusimama mbele ya goli. Mchezo unabaki mtamu. Wachezaji wa ndani wavae vikinga ugoko vya mpira wa miguu, ambavyo mitumbani havikosekani, na kikinga meno kila mmoja chake.

Kanuni chache, zisizobadilika

Chapa kanuni kwenye karatasi moja pande mbili, zipelekwe kwa timu mwezi mmoja kabla. Vipindi vitatu vya dakika nane, saa haisimami isipokuwa mtu ameumia, na mapumziko ya dakika tatu kati ya kipindi na kipindi. Kila timu iwe na vikosi vitatu vya watatu watatu pamoja na makipa wawili, jumla 11. Kikosi kikae uwanjani sekunde 45 hadi dakika moja, kisha kitoke chenyewe, kingine kiingie. Makocha waliozoea mpira wa miguu hupinga hapa, wanataka nyota wao abaki. Wakatalie kwa upole. Hata kwenye baridi ya barafuni, watu wazima wenye mafunzo hubadilishana kila baada ya muda kama huo, na sisi tunacheza kwenye unyevu wa pwani.

Hakuna kugongana kwa mwili. Hili halina mjadala, na kocha akikwambia kuwa hoki bila kugongana si hoki, mjibu kwa historia: mwaka 2011 USA Hockey iliondoa kugongana katika daraja la miaka 11 na 12, na mwaka 2013 Hockey Canada nayo ikafuata, kwa sababu ya vichwa vya watoto. Kama wenye mchezo wao wamefika hapo, sisi tulio kwenye saruji tunaanzia hapo.

Gongo lisipite kiuno kwa nyuma wakati wa kupiga, lisipite bega wakati wowote. Anayekosea anakaa benchi la adhabu dakika moja na timu yake inacheza pungufu, ila wakifungwa katika dakika hiyo anarudi. Barafuni adhabu ndogo ni dakika mbili katika mchezo wa dakika 60, kwa hiyo dakika moja katika 24 si kuonea. Anayempiga mwenzake makusudi anatoka mechi nzima, na kamati ikae usiku uleule.

Alama zihesabiwe kama IIHF: ushindi ndani ya muda wa kawaida alama 3, ushindi wa nyongeza au penalti alama 2, aliyeshindwa kwa njia hiyo alama 1, aliyeshindwa moja kwa moja 0. Nyongeza ni dakika tatu, goli la kwanza linamaliza. Zikiisha bila goli, kila timu inapiga penalti tatu, mchezaji akianza na mpira katikati ya uwanja. Faida ya mfumo huu ni kwamba kila mechi inatoa mshindi, lakini timu iliyokaza hadi mwisho haiondoki mikono mitupu.

Timu zikilingana alama, angalia kwanza walipokutana wao kwa wao, kisha tofauti ya magoli katika mechi zao, ndipo tofauti ya magoli ya kundi zima. Na tofauti hiyo ihesabiwe mwisho magoli matano kwa mechi. Timu ikishinda 14–0, iandikiwe tano. Sitaki kuona watoto wakipigwa magoli kumi na nne kwa sababu mtu mzima mmoja benchini anakokotoa.

Ratiba

Timu nane, makundi mawili ya timu nne. Kila kundi lina mechi sita, jumla 12, ongeza nusu fainali mbili, mechi ya mshindi wa tatu na fainali: 16. Kila mechi ipewe dakika 45 kwenye ratiba. Vipindi na mapumziko vinakula 30, na 15 zinazobaki ni za kupasha, kufagia, nyongeza ikitokea, na kusaini karatasi. Atakayekushawishi uweke dakika 35 ili mechi ziongezeke hajawahi kumtafuta kipa aliyekwenda kununua maji.

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni usichezeshe chochote. Saruji inachemka. Pengo hilo linabeba pia swala ya Ijumaa, chakula na usingizi.

Jozi ni hizi kwa kila kundi. Mzunguko wa kwanza: timu ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 3. Wa pili: ya 1 na ya 3, ya 4 na ya 2. Wa tatu: ya 1 na ya 2, ya 3 na ya 4.

Alhamisi asubuhi, mzunguko wa kwanza wa makundi yote: saa 12:30, 1:15, 2:00 na 2:45. Saa 3:30 uwanja umefungwa. Jioni, saa 10:15 na 11:00, mzunguko wa pili wa kundi A.
Ijumaa asubuhi, saa 12:30 na 1:15 mzunguko wa pili wa kundi B, saa 2:00 na 2:45 mzunguko wa tatu wa kundi A. Jioni, saa 10:15 na 11:00, mzunguko wa tatu wa kundi B.
Jumamosi asubuhi, nusu fainali saa 1:15 na saa 2:30. Jioni, mshindi wa tatu saa 10:00, fainali saa 10:45.

Mechi za jioni Alhamisi na Ijumaa zinaisha saa 11:45, kabla ya magharibi. Angalia pia kwamba hakuna timu inayocheza mara mbili asubuhi moja. Kundi B limebanwa kidogo, linacheza Ijumaa mara mbili na kuamka na nusu fainali. Ndiyo maana mshindi wa kundi B apewe nusu fainali ya pili, ile ya saa 2:30, apate saa moja na robo zaidi ya kupumzika. Andika sababu hiyo kwenye ratiba yenyewe, watu waione. Na makundi yapangwe kwa kura ya wazi, timu za mkoa mmoja zikigawanywa katika makundi yote mawili.

Timu ikichelewa dakika kumi, imepoteza 5–0. Mara ya kwanza ukiitekeleza utachukiwa asubuhi nzima. Mechi ya pili zote zitakuwa uwanjani robo saa kabla.

Meza ya mechi

Watu watatu: wa saa, wa kuandika, wa benchi la adhabu. Wasiwe ndugu wa timu yoyote. Karatasi ya mechi iwe na nakala tatu kwa kaboni, moja ya kila timu na moja ya mezani, na iandikwe kwa kalamu ya wino: dakika ya kila goli, namba ya mfungaji na ya aliyempa pasi. Ndiyo, pasi iandikwe. Katika hoki pasi ya goli inahesabiwa sawa na goli katika orodha ya wafungaji, na mtoto mkimya anayetoa pasi hupata siku yake. Mwisho wa mechi manahodha wote wawili wasaini kabla ya kuondoka uwanjani. Karatasi ipigwe picha hapohapo kwa simu, itumwe kwenye kundi la wasap la viongozi, na matokeo yaandikwe kwa chaki kwenye ubao mkubwa karibu na geti. Kugombania matokeo saa tatu usiku kutakoma.

Kulala, kula, afya

Wageni walale kwenye mabweni ya shule, wasichana jengo lao na mlezi wao wa kike anayelala humohumo, mwenye taulo za kike sandukuni bila mtoto kulazimika kuomba mbele ya watu. Vyandarua vihesabiwe kabla hawajafika. Uji mzito saa 11 alfajiri, chakula chenyewe saa 5, wali na maharage au samaki, machungwa ya Muheza baada ya kila mechi.

Maji ni kazi ya mtu mmoja mwenye jina, na pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Agiza barafu ya mifuko kutoka nyumba za jirani kila asubuhi, iwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Kifundo kikivimba, zungushia barafu kwenye kitambaa kwa dakika kama 15, isiguse ngozi moja kwa moja. Mtoto aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, akatapika, akasahau alipo au akawa na macho ya usingizi, anatoka na harudi uwanjani siku hiyo, hata ikiwa ni fainali na hata akilia. Apelekwe hospitali ya Bombo na mtu mzima, kwa gari lililoegeshwa hapo tangu asubuhi. Dereva wake asipewe kazi nyingine yoyote.

Jumamosi jioni na wiki inayofuata

Mgeni rasmi aongee dakika tano, kabla ya fainali, watoto wakiwa wamekaa kivulini. Medali ziwe kwa timu tatu, na vyeti kwa kila mchezaji aliyekaguliwa Jumatano, vikiwa na jina lililoandikwa sawasawa kama kwenye cheti cha kuzaliwa. Hivyo vyeti wanavitunza miaka.

Jumatatu rudisha mbao, lipa fundi na mama wa chakula kabla ya mtu mwingine yeyote, rudisha uwanja ukiwa umefagiwa. Ndani ya wiki mbili mpelekee Afisa Michezo ripoti ya kurasa tatu: timu, matokeo ya mechi zote 16, majeruhi, mapato na matumizi, pamoja na nakala za pingamizi kama zilikuwepo. Nakala ya ripoti hiyo ipate kila timu, ikiwa na tarehe za mwaka ujao na jina la mtu wa kupokea fomu. Karatasi za mechi na orodha za umri zifungie kabatini. Mwakani wale wa miaka 14 watarudi, na utaanza ukaguzi ukiwa tayari unazijua sura zao.